Bwana Bado na Mashine Aliyoizima Mkewe

Marehemu kaka yetu, ambaye kazini na nyumbani tulimwita Bwana Bado, alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, mtoto wa tatu wa mshona viatu na mkunga. Mama alisema hata kuzaliwa alichelewa wiki mbili.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1972 na chuo cha ufundi mitambo mwaka 1980. Mtihani wa mwisho ilibidi anyang'anywe karatasi, kwani alikuwa angali anahakiki swali la kwanza.

Kwa miaka arobaini alipima uimara wa tando kavu za kulainishia vyuma, zile zinazopakwa mahali ambapo mafuta yangeungua, kama ndani ya tanuri. Gololi inakandamizwa juu ya sahani iliyopakwa, sahani inazunguka, naye anahesabu mizunguko hadi utando uishe. Ukisimamisha katikati, unyevu wa hewa unauharibu utando, nawe unaanza upya. Ndiyo maana siku ya ndoa yake, tarehe 14 Juni 1986, tulimngoja saa tatu nzima. Bibi harusi alipotuma mtu kumwita, alijibiwa, "Bado."

Agosti 2021 daktari alimtaka afanyiwe upasuaji wa tumbo haraka. Yeye akasema sahani imefika mizunguko laki tisa, haachi. Siku kumi na moja alitupandisha presha! Tarehe 3 Septemba shemeji alichoka, akaingia maabara na kandambili zake, akaizima mashine.

"Umeniua!" marehemu alifoka.

"Nikikuacha hapa ndiyo utakufa. Vua koti hilo, twende."

Upasuaji ulimpa miaka miwili. Lakini siku ile hakuitaja tena, na shemeji aliishi akijiuliza kama alimkosea mumewe. Kwenye daftari la majaribio, penye sababu ya kusimamisha, marehemu aliacha wazi.

Ugonjwa uliporudi, aliomba aletewe daftari wodini, akamwambia mkewe aandike: "Mke alizima. Alifanya sawa."

"Miaka miwili, baba watoto! Ulishindwa nini kusema?"

"Nilikuwa nahakikisha."

Alifariki Jumanne, tarehe 21 Novemba 2023. Ameacha mjane, mabinti wawili, mwana mmoja, wajukuu watano na sisi nduguze wanne. Mjane ameomba isomwe hadharani kwamba yeye alimsamehe mumewe siku ileile ya wodini, na hakuhitaji miaka miwili.

Mungu ampe pumziko la amani.