Dawa Iliyoyeyusha Mawe Yangu na Kuniachia Meno

Ndugu zangu, inueni mikono mmsifu Bwana pamoja nami, kwa maana mimi niliamini kabisa kwamba vidonge vya kuyeyusha mawe ya nyongo huyeyusha na mifupa. Sokoni Busia walisema kuna mzee wa Kisoko aliyevimeza, na sasa mke wake humkunja kila jioni kama shati. Nilisadiki. Mimi, mwenye cheti cha shule ya jioni!

Maumivu yalinianza harusini, Buhehe. Nilikula nguruwe wa kukaanga sahani mbili, mara ubavu wa kulia ukanibana kana kwamba malori yote ya mpakani yameegeshwa juu yangu. Nilitapika hadi bendi ikanyamaza. Hospitalini Tororo wakanipiga picha ya tumbo, wakaona mawe madogo kwenye mfuko wa nyongo. Daktari akaniandikia vidonge.

"Tujaribu hivi kwanza," akasema. "Vikishindwa, ni upasuaji."

Nikaona nivipime kabla havijanimaliza. Nikapasua kimoja juu ya kokoto ya mwamba wa Tororo, nikatia maji, nikangoja kutwa nzima. Kokoto ikang'aa tu. Basi nikatangaza kwamba dawa ni feki, na bado nikayahofia meno yangu.

Maumivu yakarudi, makali zaidi, hata mke wangu, Mama Nafula, akaanza kuwapigia simu ndugu wa pande zote mbili za mpaka. Kisha akanigeukia.

"Baba Nafula, wewe unalilia meno. Kaburini utatafuna nini?"

"Na nikilainika?"

"Nitakukunja. Meza."

Nikameza. Kila siku, pamoja na chakula, karibu mwaka na nusu, huku kanisa likiniombea na nguruwe nikimpita kama simfahamu. Picha ya mwisho ikatoka safi, wala kisu hakikunigusa. Ndugu zangu, namshukuru Mungu aliyenipa uhai, dawa na mke mkali. Wewe unayeumwa kimyakimya, mtegemee Yeye, na uende ukapimwe.

Siku hiyo ya picha nilimwuliza daktari mbona dawa ilishindwa na kokoto ikayaweza mawe yangu, na meno ninayo yote.

"Mzee," akasema, "yako hayakuwa mawe ya mwamba. Yalikuwa mafuta ya kolesteroli yaliyoganda kwenye nyongo. Dawa hii huyeyusha hayo tu, polepole, na si kwa kila mgonjwa. Mifupa haiigusi."