Bi Chiku Akimbilie Wapi?

Kila upitapo ukuta wa hoteli ulioziba njia yetu ya ufuoni, unatazama kando. Jana nikiwa kwenye tuktuk ya Diani, Bi Chiku alimlalamikia abiria mwenziwe, Elkanah, mpishi wa hoteli hiyo. "Sukari imepanda, mwanangu. Daktari ataka nikimbie, nipunguze mahamri. Lakini jirani huniletea sahani, na sahani hairudi tupu. Basi nami nakaanga, huku naonja."

"Si umrudishie na papai tu, mama?"

Alicheka mpaka tuktuk ikayumba. "La chakula umelimaliza. Na mbio je, nikimbilie wapi? Barabarani bodaboda zanikosakosa, ufuoni mmetuzibia!"

"Si mimi, mama. Mimi ni wa jikoni."

Utotoni mwangu njia hiyo ilikuwa wazi. Tuktuk ikasimama ukutani. Kesho alfajiri njoo tusimame na Bi Chiku hapo, tudai ifunguliwe.