Unga wa Milcah

Nairobi, Jumanne, tarehe 14 Mei 1968, saa saba na dakika ishirini mchana. Mvua ya masika haijakatika tangu alfajiri.

MILCAH: Haloo? Ni nani?

SHEM: Haloo. Ni Shem, mume wa dada yako. Mulembe, shemeji.

MILCAH: Mulembe— Woi, Shem! Hii simu ni ya memsahib! Rael amejifungua?

SHEM: Bado.

MILCAH: Tangu jana usiku?

SHEM: Tangu jana usiku. Wauguzi waliniamuru nisubiri nje ya lango la hospitali. Nikasubiri hadi saa nane usiku, kisha nikarudi Riruta. Hawakuniambia neno lingine.

MILCAH: Mungu yuko.

SHEM: Yuko.

MILCAH: Sauti yako iko mbali. Unapigia ofisini?

SHEM: Nipo katika kibanda cha simu, karibu na Posta. Simu ya serikali si ya mambo ya nyumbani.

MILCAH: Na hiyo mvua yote! Wewe nawe. Haya, sema upesi, wageni wa memsahib wako kwa supu.

SHEM: Ni kuhusu mama yenu. Alifika jana jioni, Rael akiwa tayari ameshikwa na uchungu. Tangu ashuke basi hajatia kitu kinywani. Kitandani alikataa kulala, akakesha kitini. Asubuhi alishika mlango asianguke. Na kesho ndiyo siku yake ya kuonana na daktari wa macho.

MILCAH: Ulimpa nini?

SHEM: Chai. Mayai. Na mkate niliouoka mwenyewe.

MILCAH: Nani? Wewe? (Anacheka.) Uliona wapi hamira, wewe?

SHEM: Shuleni tulioka kwa zamu, shemeji. Sufuria, mchanga kidogo chini, makaa juu ya kifuniko. Niliukanda usiku huohuo, maana usingizi haukuja.

MILCAH: Ukaungua.

SHEM: Upande mmoja. Ulikuwa mkate wa heshima. Nilimwekea mezani. Akashukuru, akaufunika kwa kitambaa, akageukia ukuta. Kama nimemkosea, na aniambie—

MILCAH: Atakuambia aje? Wewe ni mkwe wake! Shem, kwetu mama hali kwa mume wa binti yake. Hujui?

SHEM: Najua. Nilidhani njaa na ugonjwa huondoa sharti la namna hiyo.

MILCAH: Ulidhani. Rael alikuwa amepanga kila kitu: Mama alale kwa Kalekye hapo jirani, akule kwa Kalekye. Sasa huyo Kalekye hakuja?

SHEM: Alikuja.

MILCAH: Na chakula?

SHEM: Na bakuli la muthokoi. Nilimrudisha mlangoni. Nilimwambia mgeni wangu halishwi na majirani.

MILCAH: Ulimru— Shem! Hicho ndicho kilikuwa chakula cha Mama!

SHEM: Sikuambiwa.

MILCAH: Uliuliza?

SHEM: Sikuuliza. (Kelele katika waya.) Haloo? Haloo?

MILCAH: Niko.

SHEM: Nimechoka, Milcah. Leo asubuhi niliosha vyombo, nikavipanga, nikageuka, na vilikuwa vichafu tena. Makaa yalizimika mara mbili. Nilifika kazini nikinuka moshi, na siku ilikuwa haijaanza. Rael hufanya hayo kila siku, na jioni hunikuta nikilalamikia chumvi.

MILCAH: Leo umejua.

SHEM: Leo nimejua. Niambie la kufanya.

MILCAH: Omba ruhusa kazini. Nenda kwa Kalekye umwombe msamaha.

SHEM: Nimwombe chakula mtu niliyemfukuza na bakuli mkononi?

MILCAH: Mwombe jiko tu na kiti cha Mama. Chakula naleta. Nikitoa vyombo hapa mezani natoka, memsahib akasirike akipenda. Nabeba posho yangu ya wiki, ile ya hapa kazini. Nasonga ugali kwa Kalekye, na Mama anakulia hukohuko.

SHEM: Usibebe unga kutoka Kitisuru kwenye mvua. Debe langu limejaa.

MILCAH: Debe lako ndilo hawezi kula!

SHEM: Basi jioni nitakupimia unga uleule, ratli kwa ratli—

MILCAH: Hapana.

SHEM: Wiki nzima utakula nini?

MILCAH: Hiyo ni yangu. Sikia, Shem. Ukinirudishia, unga ni wako. Ukiwa wako, Mama amekula kwa mkwe.

SHEM: Hatajua.

MILCAH: Mimi nitajua. Nitamwekea sahani namna gani, nikijua?

SHEM: Shemeji, tangu nitoke shuleni sijawahi kula jasho la mtu bila kulipa. Hata hukohuko shuleni, chaki niliyovunja nilinunua nyingine. Nitalipa baadaye, mama akisharudi nyumbani. Au nitakuletea sukari, kwa jina jingine—

MILCAH: Kwa jina jingine ni unga tu! Hata mwaka kesho, hata nikiwa na njaa, usinilipe. Nataka kusikia ukisema. La sivyo sitoki hapa.

SHEM: Unanitaka niwe mdeni wako hadi kaburini.

MILCAH: Mama ameshika mlango asianguke, na wewe unahesabu ratli. Memsahib ananiita. Sema!

SHEM: Ngoja, sarafu inakwisha—

MILCAH: Tia nyingine!

SHEM: Hii ndiyo ya mwisho. Milcah—

MILCAH: Sema, Shem!

SHEM: Sitakulipa.