Nyuki Wamefika Kabla ya Wakwe

MARTINA: Haloo! Umenikatia simu, Mama Blessing? Mimi, jirani yako?

SCOLASTIKA: Sijakata, Mama Suzana, ni mtandao wa huku ukumbini—

MARTINA: Mtandao gani! Nimekuuliza swali moja tu. Maua ya plastiki niliyoagiza Geita mjini, mbona bado yako kwenye boksi, hapa sebuleni kwangu?

SCOLASTIKA: Yanapumzika.

MARTINA: Mwanangu anaolewa leo, maua yanapumzika?

SCOLASTIKA: Yale yana rangi ya dawa ya kikohozi, shoga yangu. Nimeingia porini alfajiri—

MARTINA: Porini!

SCOLASTIKA: —nikakata mninga. Umechanua njano, mpaka unataka kulia. Na miombo imetoa yale majani yake mapya mekundu. Meza ya maharusi ukiiona hutaamini ni Ushirombo hii.

MARTINA: Gashi, kumbe umempambia mwanangu ukumbi kwa kuni!

SCOLASTIKA: Si kuni, ni matawi.

MARTINA: Tawi ni kuni ambayo haijakauka! Unamjua Limi wewe? Shangazi yake bwana harusi? Siku ya mahari alikagua nyumba yangu mpaka nyufa za ukuta, akaenda kutangaza Chato nzima kwamba Wilbard wao anaoa vichakani. Leo wewe unamletea kichaka chenyewe, kimekaa mezani! (mtandao unakwaruza) Na mbona simu yako inavuma hivyo?

SCOLASTIKA: Si nimekwambia, mtandao.

MARTINA: Mtandao unavuma kama mashine ya kusaga?

SCOLASTIKA: Siku hizi wameongeza minara.

MARTINA: Na unanong'ona nini?

SCOLASTIKA: Nimeinama. Naweka sawa kitambaa.

MARTINA: Mama Blessing, uko wapi?

SCOLASTIKA: Chini ya meza.

(mvumo unazidi)

MARTINA: Scolastika.

SCOLASTIKA: Usiniite kwa jina, naogopa.

MARTINA: Kuna nini huko ukumbini?

SCOLASTIKA: Nyuki kidogo.

MARTINA: Kidogo?

SCOLASTIKA: Wote.

MARTINA: Mayu wee!

SCOLASTIKA: Niliona kwenye simu, dada mmoja mpambaji anasema maua ukiyatilia soda badala ya maji hayanyauki. Nikajisemea, harusi ya Suzana, nibane nini? Nikamimina kreti zima kwenye makopo—

MARTINA: Soda! Na maua ya mninga! Bukombe hii, ambako kila mti una mzinga!

SCOLASTIKA: Sasa hivi najua. Yule mshereheshaji wenu kakimbia na kipaza sauti kikiwa kimewaka. Mtaa mzima umemsikia akimwita mama yake.

MARTINA: (anabanwa na kicheko) Sicheki! Usidhani nacheka! Wakwe wamepita Runzewe, wako njiani, Limi akikuta ukumbi umetekwa nitauweka wapi uso wangu? Ataniimba mpaka niwe na wajukuu!

SCOLASTIKA: Waelekeze nyumbani kwako kwanza, niwafukuze hawa—

MARTINA: Nawapigia sasa hivi, kata—

SCOLASTIKA: Ngoja. Kuna Kosta imesimama hapa nje.

MARTINA: Usiniambie.

SCOLASTIKA: Wanashuka. Na vigelegele juu. Wamekuja moja kwa moja— Jamani msiingie! Mama! Rudi nje! Rudi— basi inama! Huku, huku, inua kitambaa, ingia!

MARTINA: Nani? Nani kaingia? Mama Blessing!

SCOLASTIKA: Subiri, anavuta miguu ndani. Ana kilemba cha bluu, kikubwa kama— Shikamoo, shangazi.

LIMI: Marahaba. Sogea, umekikalia kilemba changu.

MARTINA: (taratibu) Yesu na Maria.

LIMI: Unaongea na nani humu?

SCOLASTIKA: Mama wa bibi harusi.

LIMI: Lete hiyo simu. Haloo, mkwe?

MARTINA: Abee, mkwe. Karibuni sana. Safari ilikuwaje?

LIMI: Safari njema. Tatizo ni kufika. Huu ukumbi kapamba nani?

(mtandao unakwaruza, nyuki wanavuma)

MARTINA: Ni...

LIMI: Nani?

MARTINA: Ni sisi. Mimi na jirani yangu. Kama ni aibu, basi ni ya kwetu wote wawili.

SCOLASTIKA: (kwa mbali) Mama Suzana...

MARTINA: Nyamaza, nasema na mkwe.

LIMI: Na kwenye makopo mmetia nini?

MARTINA: Soda, mkwe.

LIMI: Soda?

MARTINA: Soda.

LIMI: (kicheko kinachokosa breki) Soda! Mamaa! Jamani mbavu! Mkwe, tangu nikiwa msichana naenda harusini, kila ukumbi plastiki zilezile, vumbi lake tunafahamiana. Huwa nalala kabla ya keki. Leo nimekimbia! Mimi, na goti hili!

MARTINA: Hawajakuuma?

LIMI: Mmoja, sikioni. Lile lisilosikia vizuri, hasara yake. Usiwe na wasiwasi, kaka yangu Sostenes ni mtu wa mizinga, naona viatu vyake vinapita. Anabeba makopo nje moja moja, nao wanamfuata kama kwaya. Tutamwaga soda, tutie maji, maua yarudi mezani. Na plastiki nisiione!

MARTINA: Iko kwenye boksi, mkwe, nimeikalia!

SCOLASTIKA: Nipe niongee naye. Mama Suzana, nilidhani utanitaja peke yangu.

MARTINA: Nilitaka. Mdomo ukakataa. (simu inalia tii, tii) Salio linaisha, sikiliza haraka! Umekula tangu alfajiri?

SCOLASTIKA: Nile saa ngapi, niko porini?

MARTINA: Basi mshike mkono shangazi, mlete hapa kwangu, mpitishe mlango wa uani, mbele kumejaa wageni. Pilau ndilo nalifunua sasa. Njooni, ingieni mle, na huyo Sostenes akimaliza naye a—