Walimu wa Binti wa Mshonaji

Benchi la ubavuni mwa kinyozi halikuwahi kukaliwa na walimu wengi namna ile. Taarifa ya habari asubuhi ilisema kwamba yule binti wa mshonaji, aliyehama mtaani na mama yake akiwa na miaka kumi, sasa ana kampuni yake ya kuunda programu za simu, na wakubwa wanapanga foleni kumwona. Kahawa ilikuwa ya moto, ndimi zikawa za moto zaidi. Fundi Redio peke yake, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, alikipuliza kikombe chake bila kunywa.

— Mashine yangu ya kunyolea ndiyo iliyomfungua akili, alianza Kinyozi. Alikuwa anakaa pale mlangoni anaitazama saa nzima.

— Alikuwa anajikinga mvua, alisema Dobi. Labda ulimfundisha kusoma mawingu.

— Na wewe ulimfundisha nini?

— Mpangilio. Shati hili la nani, suruali ile ya nani. Kompyuta si kupanga vitu tu? Kaanzia kwenye kamba yangu ya kuanikia.

— Tia chumvi taratibu, bwana.

— Chumvi ipi? Siku moja aligusa pasi yangu, imezimwa kabisa, ikapata moto. Watu walishuhudia.

— Akina nani?

— Wamehama.

Kinyozi hakukubali kuachwa nyuma. Akaapa kwamba mtoto yule alizaliwa kashika kipande cha waya. Mkunga mwenyewe alimnong'oneza.

— Mkunga gani huyo?

— Naye kahama.

Dobi akamgeukia mzee.

— Fundi, mbona umenyamaza? Si dukani kwako ndiko alikokuwa akishinda?

— Alikuwa anapitapita tu, alijibu Fundi. Miaka ishirini na ushei alikuwa akiikwepa habari hiyo, na leo imemfuata mpaka kwenye kahawa.

Mara akasimama mbele yao mwanamke mwenye mvi, utepe wa kupimia nguo ukining'inia shingoni. Fundi alimtambua kabla hajafungua kinywa.

— Hamjambo hapo.

— Hatujambo, mama. Karibu kahawa.

— Nimewasikia tangu kule kwenye kona. Kumbe mwanangu alikuwa na walimu wote hawa. Basi nisaidieni jambo moja. Siku moja alirudi nyumbani analia, kafukuzwa dukani. Hajaniambia kisa mpaka leo. Alikosa nini?

Kinyozi alianza kukagua kucha zake. Dobi alitafuta jibu ndani ya kikombe, akakuta machicha. Fundi aliwatazama, akaona kwamba akinyamaza hakuna atakayejua kamwe. Akavua miwani.

— Hakukosa kitu, dada yangu. Mteja alileta redio, nikamwambia imekufa, akanunue nyingine. Mtoto akaichukua, akasogeza waya mmoja, ikaimba. Mteja alicheka mpaka akakaa chini. Nilimfukuza kwa aibu yangu mwenyewe.

Mama yule alimkazia macho mzee kwa muda, kisha pembe ya mdomo wake ikacheza.

— Hayo kamwambie mwenyewe. Yupo dukani kwako anakungoja. Ila fanya haraka, nimemwacha keshafungua kitu.