Mjomba na Kiti cha Saa ya Kula

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Mjomba anastaafu baada ya miaka ishirini na saba katika kituo chetu cha kuwatafutia kazi vijana wasio na wa kuwashika mkono. Jina hilo walimpa vijana wenyewe, ambao wengi hawakuwahi kuwa na mjomba wa kuwauliza wameshindaje.

Alianza kama mwalimu wa kuchomelea vyuma. Wakati huo tulifundisha vizuri, tukawapeleka vijana kazini, na kabla ya mwezi kwisha wengi walikuwa wameshaacha. Wafadhili wakasema ni wavivu, mradi ukakaribia kufungwa. Mjomba hakubishana. Alibeba bakuli lake lenye mfuniko akamfuata mwanafunzi wake kwenye karakana iliyomwajiri. Alimkuta nyuma ya jengo, amejibanza peke yake, hajui saa ya kula akae na nani. Kazi aliiweza. Upweke ndio uliomshinda.

Tangu hapo, kijana anayeanza kazi hula na Mjomba wiki ya kwanza, kisha Mjomba humkabidhi kwa mfanyakazi mmoja wa pale pale. Wanaoacha sasa ni wachache. Vijana humtania, eti Mjomba amekuja kuwaona au mkewe kamnyima chakula? Yeye hujibu kwamba yote mawili, huku akivuta kiti.

Kuna siku, kwenye kiwanda cha mikate, alimbembeleza kijana mmoja mwenye aproni asikate tamaa, kwamba mabosi wana maneno lakini huzoeleka. Kumbe ndiye bosi. Bosi huyo alicheka mpaka machozi, akaajiri vijana wetu wengine wawili.

Nilipofiwa na mume wangu, nilirudi ofisini sina hamu ya kuongea na mtu. Saa ya kula nikasikia kiti kinaburutwa. Mjomba akakaa, akafungua bakuli, akala kimya. Ilikuwa hivyo wiki nzima. Mwishoni akanikabidhi kwa mhasibu, na mpaka leo tunakula pamoja.

Sasa Mjomba ana wasiwasi mmoja tu. Jumatatu kuna binti anaanza kazi kwa fundi cherehani, na yeye atakuwa ameshastaafu. Kila tukikutana kwenye korido anauliza ni nani atakwenda.

Nitakwenda mimi, Mjomba. Bakuli nimeshanunua, na mhasibu ameomba Jumanne iwe yake.

Asante kwa yote. Tunakutakia uzee wa raha, na meza yako isikose wa kuvuta kiti.