Gia Tatu au Nne kwa Gari la Maxine

Benchi letu hapa Toledo liko mbele ya duka la donati, upande wa jua. Wanaolikalia wamestaafu kiwanda cha giaboksi: mikono imepumzika, midomo bado iko zamu mbili. Alhamisi hii aliyekaa katikati, kati ya Boliti na Askofu, ni Verlon, uso umevimba kwa hasira. Gari la marehemu mkewe Maxine, la samawati, la mwaka sitini na saba, linateleza: ukilikanyagia, linanguruma tu, haliendi. Na Jumamosi ndilo la kumpeleka binti yake Corinne kanisani kuolewa. Verlon alimwahidi hivyo tangu binti akiwa na miaka sita. Muuza vipuri ana giaboksi mbili za otomatiki, moja ya gia tatu na nyingine ya nne, na anangoja simu ya Verlon mpaka saa sita mchana.

BOLITI: Gia tatu, basi! Nimezifunga mimi miaka thelathini. Hazivunjiki.

ASKOFU (kanisani hatujawahi kumwona): Na barabara kuu je? Injini italia kama mbuzi wa sikukuu. Gia ya nne inaipumzisha. Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai. Kwa hiyo twende mbio!

BOLITI: Hiyo yako ni ndefu, haiingii mpaka ukate sakafu. Umkatie marehemu sakafu? Huna haya?

ASKOFU: Nani kasema kukata? Unafupisha propela tu, ule mtaimbo wa kuzungusha magurudumu, mzee!

VERLON: Hakuna wa kukata wala kufupisha kitu kwenye gari la Maxine!

BOLITI: Umesikia? Gia ya nne ni njama, ndugu yangu. Wanainyamazisha injini ili usikie matangazo ya redio.

ASKOFU: Njama ni barabara! Zamani Cleveland ilikuwa hapo tu, gia tatu zilitosha. Wameirefusha. Kila wakiweka lami mpya wanaongeza maili, na hakuna anayepima!

VERLON: Jamani, saa tano na nusu hii! Nichukue ipi?

BOLITI: Kwanza, una hakika si mafuta ya giaboksi yamepungua?

VERLON: Unaniuliza mimi? Nimepima mwenyewe leo alfajiri, mtaa wote umelala, gari limelala. Kijiti cha kupimia kimelowa mpaka juu!

ASKOFU: Basi hiyo imekufa. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tupa ya zamani, leta mpya!

BOLITI: Leta ya gia tatu!

ASKOFU: Nne, mkaidi wewe!

Verlon alikuwa ameshatoa simu mfukoni tuliposikia mlio tunaoujua wote. Gari la samawati lilikata kona, likabadili gia laini kama mtu anayemeza mate, likasimama mbele ya benchi. Corinne akashuka, mikono myekundu kwa mafuta ya giaboksi.

— Nimeongeza chupa mbili, akasema. Nimezunguka nalo mpaka mtoni, halijateleza hata mara moja.

— Haiwezekani! Verlon akafoka. Lilikuwa limejaa!

— Injini ikizimwa, mafuta yanashuka yote chini, kijiti kinadanganya. Si ninyi watatu mlionifundisha, nina miaka kumi, nimekaa kwenye benchi hilihili?

Akatuangalia mmoja mmoja.

— Sasa, wazee wangu: nani alipima injini ikiwa inawaka?

Verlon akarudisha simu mfukoni taratibu. Askofu akatazama barabara, labda ilikuwa inarefushwa. Boliti akainua kikombe chake akanywa, akanywa tena. Kilikuwa kitupu tangu saa nne.